Kwanza Viatu, Halafu Gari

Simu iliingia saa mbili kasorobo usiku, mwezi wa Ramadhani, watu wametoka kufuturu na barabara ya Kisauni imeziba tuktuk mwanzo hadi mwisho. Mtoto ameungua na mafuta ya moto. Tuliambiwa hivyo tu, nasi hatukuuliza zaidi. Dereva aliwasha king'ora tulipovuka daraja la Nyali na hakukizima mpaka mlangoni. Ndivyo tulivyozoea: jamaa wasikie kwamba msaada umefika.

Mama wa nyumba ile hukaanga kaimati za kuuza. Karai lilikuwa limeachwa mekoni dakika chache, watu wakifungua kwa tende na maji, na kijana akalitia mkono. Alikuwa na miaka 13, mrefu tayari kama mimi. Nilimkuta amesimama pembeni mwa ukumbi, ngozi ya mkono wa kulia imeambuka kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo, naye anavuma. Sina neno lingine. Mvumo wa chini, wa sauti moja, kama injini ya feri inapokaribia gati pale Likoni. Mwili unakwenda mbele na nyuma, macho yako ukutani. Halii.

Nikajiambia huyu haumii sana, kwa kuwa aliyeungua hivi hupiga mayowe. Hata kwenye fomu niliandika: maumivu kidogo.

"Daktari, ngoja kidogo," mamake akaniambia. "Mtoto wangu haguswi ghafla."

Mimi si daktari. Ni mhudumu wa ambulensi, lakini mtaani ukishavaa sare na glavu wewe ni daktari, na neno lako halipingwi. Nikamjibu, "Mama, tupishe tufanye kazi." Nikamshika kijana mkono mzima ili mwenzangu afunge bandeji kwenye ule ulioungua. Hapo ndipo alipopambana nasi. Alimuuma mwenzangu, akapiga kichwa ukutani mara mbili, akaelekea mlangoni. Vijana watatu wa jirani wakaruka kutusaidia. Wakamlaza kifudifudi mkekani, mmoja akamkalia mgongoni. Mzee mmoja akapiga magoti karibu na sikio lake na kuanza kumsomea Ayatul Kursi kwa sauti ya juu, kwa nia njema kabisa, kwa maana mtaa ulikuwa umeshaamua zamani kwamba mtoto yule ana jini. Kumbe ana usonji, yaani autism.

Kisha mvumo ukakatika.

Nilipoinama kumtazama, midomo ilikuwa imekuwa rangi ya majivu. Mtu aliyelazwa kifudifudi na uzito mgongoni, kifua chake hakipanuki. Najua hilo, nimefundishwa, nimelifanyia mtihani. Mamake alipiga ukelele ambao bado naukumbuka: "Mwacheni! Mwamuua!" Tukamwachia, akavuta pumzi.

Yaliyofuata hayakufanywa na sisi. Mama alizima televisheni, akazima taa ya ukumbini ikabaki ya jikoni. Akamgeukia yule mzee akamwambia kwa upole, "Ami, soma moyoni. Mungu asikia." Akamwambia dereva wetu azime na zile taa nyekundu zilizokuwa zikizunguka ukutani kupitia mlangoni. Mimi wala sikuwa nimezitambua mpaka zilipozimwa. Nyumba ikawa tulivu kama ilivyo nyumba yoyote ya Kisauni usiku.

Halafu akatoka dadake, msichana wa miaka tisa, akiburura jerikeni la maji kuelekea uani. Akaweka kigoda. Hakumwita kaka yake wala hakumshika. Akachota maji kwa kopo, akayamwaga chini, akasema, "Moja." Akachota tena. "Mbili." Kijana alikwenda mwenyewe, akaketi kigodani, akatoa mkono. Dada akawa anammwagia pole pole huku akihesabu, na walipofika tisa nikamsikia kijana naye anasema, "Tisa." Mpaka hapo sikujua kwamba anaweza kusema.

Nilitazama saa. Yule mtoto alimmwagia kaka yake maji kwa dakika 20 na ziada. Na hiyo hasa ndiyo huduma ya kwanza ya kuungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, kabla ya bandeji na kabla ya dawa yoyote, bila dawa ya meno, bila yai. Nilikuwa nimeiruka kwa pupa ya kumfikisha hospitali. Msichana hakujua kama anatibu. Alijua tu kwamba kaka yake hutulizwa na maji na hesabu.

Alipomaliza akasema, "Kwanza viatu, halafu gari, halafu hospitali." Basi. Kijana akavaa viatu. Akatembea mpaka kwenye ambulensi, akapanda, akakaa kwenye kiti changu mimi, dadake ubavuni.

*

Wiki ile sikulala vizuri. Baada ya Idi nilirudi pale bila sare kuomba radhi. Mama alinipokea, akaniwekea kahawa na sahani ya kaimati, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyinyi si wa kwanza, mwanangu."

Akanieleza ya miaka miwili nyuma. Kijana alitoka nyumbani alasiri, mlango ukiwa umeachwa wazi na mgeni, na akapatikana usiku ukingoni mwa mkono wa bahari unaotenganisha Kisauni na kisiwa, maji yakijaa. Waliomkuta ni askari wa doria. Walimwokoa, na mama huyu kila anaposimulia huanzia hapo, kwa shukrani. Lakini wakammulika tochi usoni, wakamuuliza, "Unaitwa nani?"

Akajibu, "Unaitwa nani."

"Wewe, nakuuliza unatoka wapi?"

"Unatoka wapi."

"Wataka kupigwa?"

"Wataka kupigwa."

Askari walisikia kejeli. Hawakujua kwamba watu wengi wenye usonji hurudia maneno wanayoambiwa, na kwamba kwa wengine kurudia ndiyo njia pekee waliyo nayo ya kuonyesha kwamba wamesikia. Na hakuwatazama usoni. Hapa Pwani tunawafunza watoto wasimkazie mkubwa macho, ni adabu, lakini usiku mbele ya tochi kijana asiyetazama mtu usoni huhesabiwa mwizi. Alilala selo. Mamake alimpata asubuhi, nguo zimelowa mkojo. Kwa muda mrefu baadaye, kila alipoona sare ya polisi hata matatuni, alikuwa akisema kwa sauti ya yule askari, kwa lafudhi yake ileile: "Wataka kupigwa."

Nilimuuliza mama usonji ni nini hasa. Naona haya kuandika kwamba nilikuwa na miaka mingi kazini kabla sijauliza swali hilo. Akanieleza kama anavyowaeleza wote: si jini, si laana, si malezi mabaya, wala hauambukizi. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, na mtu huishi nao maisha yake yote. Kuna wenye usonji wanaosema sana na wasiosema kabisa, kuna wanaosoma chuo kikuu na wanaohitaji msaada hata kuoga. Wengi husikia sauti, mwanga na mguso kwa kiwango tusichokijua sisi. Maumivu nayo huenda yakatokea kwa sura nyingine: badala ya kilio, mvumo. Au kicheko. Au kimya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Nilipoisoma hesabu hiyo nilifikiria feri ya alfajiri. Watu 1,270 wakivuka Likoni, kumi kati yao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa, na ukigawanya hivyo hivyo unapata zaidi ya 9,500. Mimi nilidhani sijawahi kumhudumia hata mmoja. Sasa huwakumbuka usiku, mmoja mmoja: yule mwanamke wa Changamwe aliyejificha chini ya meza baada ya ajali nasi tukaandika amelewa, yule mtoto wa Mtongwe aliyeziba masikio nasi tukamshika mikono kwa nguvu ili tumpime.

*

Mafunzo yetu ya kwanza hayakuwa na bajeti wala bango. Niliomba chumba cha mapumziko kazini kwetu, Jumamosi mbili, na nikamwomba yule mama aje atufundishe. Walikuja watu 19: wenzangu wa ambulensi, zimamoto wanne, waokoaji watatu wa ufuoni, askari polisi wawili waliokuja kwa hiari yao siku ya mapumziko.

Nilitarajia atatueleza. Badala yake alimwita mmoja wa zimamoto, kijana mwenye kifua, akampa kalamu na fomu ya kujaza: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Akamvisha shingoni kipande cha gunia. Akafungua redio katikati ya stesheni mbili, ile sauti ya mkwaruzo, akaipandisha. Akammulika tochi machoni, akaizima, akaimulika. Akatuambia mimi na mwingine tumuulize maswali kwa pamoja, mmoja kila upande, na tukiona hajibu tupaze sauti. Kijana alijaribu. Alifika kwenye namba ya kitambulisho akasahau namba yake. Kabla ya dakika mbili kwisha akaitupa kalamu, akasimama, akalivua gunia kwa hasira. Mama akafunga redio. Akasema, "Wewe umeweza kulivua."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Askari mmoja ndiye aliyeuliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo, na namheshimu kwa kuliuliza. "Mama, mimi nakutana na mtu saa saba usiku, hasikii amri, hatulii. Nitajuaje ni usonji na si bangi?"

"Sikwambii ujue," mama akamjibu. "Rudi hatua mbili. Teremsha tochi. Aseme mmoja wenu tu, maneno machache, kisha uhesabu kumi kimoyomoyo ukimngojea. Akiwa ni mlevi, umepoteza nini?"

Sijasikia jibu bora kuliko hilo tangu siku ile. Hatuhitaji kubaini usonji barabarani, hiyo si kazi yetu. Tunachohitaji ni kuacha kusoma kila kutotii kuwa ni ukaidi. Pale ndipo nilipowasimulia kisa cha Marekani, cha Julai 2016 huko North Miami. Mwanamume mwenye usonji alikuwa ameketi barabarani na lori la kuchezea mkononi. Mtu akapiga simu akidhani ni bunduki. Mlezi wake, Charles Kinsey, akalala chali, mikono juu, akawaeleza polisi kwa sauti kwamba kile ni kichezeo. Askari mmoja akafyatua risasi, ikampata Kinsey mguuni. Baadaye ilielezwa kwamba aliyekuwa akilengwa ni yule mwenye lori la kuchezea. Kinsey alipona. Nilipomaliza, yule askari wetu alikuwa ameinamisha kichwa.

Waokoaji wa ufuoni walikuwa na lao. Walisema huitwa kumtafuta mtoto aliyepotea baada ya saa nyingi, jamaa wakiwa wameshamaliza nyumba za majirani, misikiti na masoko. Utafiti mmoja wa Marekani, uliochapishwa 2012, uliziuliza familia zaidi ya 1,200 zenye watoto wenye usonji, na karibu nusu zilisema mtoto wao amewahi kujaribu kutoroka akiwa na miaka minne au zaidi. Katika wale waliopotea kiasi cha kuwatia watu wasiwasi, karibu robo walinusurika kuzama. Wengi huvutwa na maji. Nasi tunaishi kisiwani. Popote utakapomwacha mtoto katika mji huu, maji hayako mbali. Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja ningependa kila mzee wa mtaa na kila chifu akijue, ni hiki: mtoto mwenye usonji akipotea, watu wa kwanza kutumwa waende majini. Kwenye kisima, kwenye tangi, ufuoni. Msikitini mtu ataenda baadaye.

Upande wa moto, mama alisema jambo ambalo zimamoto hawakulijua. Mtoto kama wake, nyumba ikiwaka, anaweza kujificha uvunguni badala ya kukimbia, na ukimtoa nje anaweza kurudi ndani, kwa sababu ndani ndiko anakokujua na nje kuna ving'ora na watu wanaopiga kelele. Wakakubaliana kwamba ukishamtoa mtu kama huyo usimwache asimame tu uani, awekwe na mtu mmoja, mbali na gari. Jumamosi ya pili kijana mwenyewe alikuja. Zimamoto mmoja akavaa mavazi yake mbele yake, kimoja kimoja, taratibu: koti, mtungi wa hewa, barakoa, kofia. Alipovaa barakoa na pumzi ikaanza kusikika, kijana alirudi nyuma mpaka ukutani. Yule bwana akaivua akatabasamu, akaivaa tena, akaivua. Mara ya nne kijana alisogea, akaigonga kofia kwa kidole mara tatu. Kovu la mkono wake lilikuwa limeng'aa, la rangi ya waridi mpaka kwenye kifundo.

*

Tangu hapo tumebadili mambo madogo. Anayepokea simu sasa huuliza swali moja zaidi: kuna lolote la kujua kuhusu mgonjwa kabla hatujafika? Tukiambiwa kuna usonji, king'ora huzimwa mtaa mmoja kabla. Tukiingia namtafuta anayemjua, awe mama, dada au yaya, na namuuliza mgonjwa anapenda nini, anachukia nini, na hutulizwa na nini. Mkanda wa kupimia presha naufunga kwanza kwenye mkono wangu mwenyewe, aone unavyojaa hewa na kuachia. Baadhi yao wana kifafa pia, kwa hiyo nauliza na dawa. Na hakuna anayelazwa kifudifudi, hata aume watu wangapi.

Tuna kadi za picha, zimechorwa na binti wa dereva wetu na kupigwa laminesheni kwenye duka la fotokopi pale Mwembe Tayari: kiatu, gari, bandeji, sindano, hospitali, nyumba. Zinaning'inia kwenye pete karibu na kitanda cha wagonjwa. Mwenzangu mmoja aliziita mambo ya chekechea. Nikamwonyesha kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake na kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Kadi ya kiatu ni njia ya mawasiliano. Sasa huzitumia hata kwa wazee waliopoteza kauli.

Mengine hayajabadilika. Tukifika hospitali bado tunaingia kwenye korido ya mwanga mkali na majina yanayoitwa kwa sauti. Hupiga simu mapema kuomba kona tulivu, mara chache tunapata, mara nyingi hatupati, na nimeona kazi ya nusu saa ikiharibika katika dakika moja ya foleni. Tena kuna linaloniumiza zaidi. Huruma ya watu hupungua kadiri mtoto anavyorefuka. Wa miaka sita akijitupa chini sokoni Kongowea, watu husema maskini. Wa miaka 20 mwenye ndevu akifanya vilevile, huitiwa polisi. Yule kijana wa Kisauni sasa ameota masharubu, na mamake ameanza kumzoesha kuvaa kitambulisho shingoni chenye namba yake ya simu. Kila wiki hupita naye karibu na kituo cha polisi cha mtaa wao, wakawaamkia askari, ili waizoee sura yake.

Mwezi uliopita tuliitwa tena nyumba ile. Alikuwa ameteleza bafuni, kidevu kimepasuka, si sana. Tulifika kimya. Dadake alifungua mlango akanitambua, akaniachia njia. Kijana alikuwa ukumbini, taulo kidevuni, anavuma. Nikakaa sakafuni mbali kidogo naye, nikatoa pete ya kadi, nikamwonyesha ya kwanza.

"Kwanza bandeji," nikasema.

Kabla sijafika kadi ya pili, redio ya begani ililia, nikageuka kuipunguza sauti, na maneno yakanipotea. Nilipomgeukia alikuwa ameacha kuvuma. Ameondoa taulo, ameinua kidevu kunielekea, anangoja.

"Halafu?" akaniuliza.

"Halafu gari," nikamwambia. "Halafu hospitali. Halafu nyumbani."